Kadiri Mtoto Anapokua

Faraji Mdoe alipopiga simu, Sekela Mwaisaka alikuwa jikoni kwake Tukuyu akimenya ndizi, vidole vimeshikana kwa utomvu. Aliiambia simu ijipokee yenyewe, na sauti ya Faraji ikajaa jikoni.

"Shikamoo, dada Sekela."

"Marahaba, Faraji. Mbona unaongea kama mtu mwenye homa?"

"Mtoto amefariki, dada. Ndani ya mlezi. Huko Meatu, juzi asubuhi."

Sekela aliweka kisu chini. Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa ikinyesha bila haraka, kama kawaida yake.

"Mlezi aliharibika?"

"Afadhali angeharibika. Tumemfungua, tumepima kila kifaa, ni mzima kabisa. Alifanya alichoambiwa na Mwongozo, hatua kwa hatua, mpaka mtoto akapoa."

Wakati ule walezi walikuwa wameshafika karibu kila zahanati isiyo na daktari, elfu nne na ushei, kutoka Kibondo hadi Kilwa. Mlezi alikuwa sanduku la kioo lenye kigodoro ndani, la kumpa joto na hewa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Hakuna fundi aliyemwandikia amri za siri. Mlezi aliusoma Mwongozo, ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiswahili kilekile walichokiandika watu, na alichokisoma ndicho alichokifanya. Programu yake ilikuwa huria, mali ya kila mtu. Mkunga wa Pangani akigundua namna bora ya kumlaza mtoto, aliandika asubuhi, watunzaji wa Mwongozo, Faraji akiwa mmoja wao, wakapitia, na kabla jua halijazama mlezi wa Sumbawanga alikuwa akimlaza mtoto namna hiyo. Walioandika walikuwa manesi, wakunga na mafundi, na kwa wengi wao kuandika kulikuwa kazi nzito kuliko kuzalisha. Ndiyo maana walihitajika watu wa kupita nyuma yao wakirudisha h zilizodondoka na kutenganisha l na r.

Sekela alikuwa mmoja wao, na hakuna aliyebisha kwamba ndiye bora. Kwa miaka ishirini na sita alisoma prufu za gazeti. Gazeti lilipokufa, na mumewe akalifuata mwaka huohuo, Mwongozo ndio uliomwamsha asubuhi. Hakulipwa hata shilingi, wala hakudai.

"Ni ukurasa wa joto," Faraji aliendelea. "Aliuandika nesi wa zahanati hiyohiyo, Holo Ngasa. Wakaguzi wa serikali wanakaa kumsikiliza Alhamisi. Nakuomba uje, dada. Wewe unaijua lugha kuliko sisi sote. Utuambie kama sentensi yake inaweza kusomeka vingine."

"Nisomee."

Faraji alisoma polepole. "Punguza joto taratibu, robo nyuzi kila saa tatu, kadiri mtoto anapokuwa ndani ya mlezi."

Sekela alitikisa kichwa peke yake pale jikoni. "Yaani mtoto akikaa tu humo, joto linashuka?"

"Ndivyo mlezi alivyoelewa. Mtoto alikuwa wa kilo moja na robo, hajaongezeka hata gramu. Amekaa siku mbili, joto likawa linashuka tu."

"Na king'ora?"

"King'ora kinalia joto likiwa tofauti na lililopangwa. Sasa lililopangwa ndilo lililokuwa linashuka."

"Nesi gani anaandika maneno ya namna hiyo?" Sekela alisema. Alisema kwa hasira, na kwa muda mrefu baadaye angeyakumbuka maneno hayo kwa aibu.

* * *

Alinawa mikono, akaketi mezani na kuufungua ukurasa. Alitaka kuisoma sentensi kwa macho, kwa kuwa hakuwahi kuliamini sikio lake katika kazi hii. Neno lilikuwa pale, safi, limekaa sawasawa: anapokuwa.

Akaanza kuusoma ukurasa wote tangu juu, kama alivyozoea. Holo Ngasa aliandika kama anavyoongea, sentensi fupifupi, mtu ambaye ameshika watoto wengi na hana muda wa madoido. Sekela alisoma akitafuta mahali pengine palipojikwaa, asipaone. Ukurasa ulikuwa umenyooka. Hapo ndipo kitu kikaanza kumkereketa. Aliujua ukurasa huu. Aliujua ulipokuwa haujanyooka. Nesi huyu hakujua kuandika "kuwa". Kila palipotakiwa "kuwa" aliandika "kua": inatakiwa kua safi, bila kua na unyevu, isije kua moto. Mtu wa namna hiyo angewezaje kuipata w mahali pamoja tu, peke yake?

Akatafuta ni nani aliyeligusa neno hilo.

Masahihisho ya herufi hayakuonekana katika kumbukumbu za Mwongozo. Miaka sita nyuma Sekela mwenyewe ndiye aliyewaomba watunzaji iwe hivyo. Mkunga mmoja mtu mzima alikuwa ameacha kuandika baada ya kuona ukurasa wake umejaa alama nyekundu, kila mtu akizitazama. Sekela akasimama kwenye mkutano akasema mtu asiaibishwe kwa herufi. Watu wakampigia makofi. Wakakubaliana kwamba sahihisho la herufi liingie moja kwa moja bila kukaguliwa na mtu wa pili, na lisiache alama, maandishi yaonekane kama mwenyewe ndiye aliyeyaandika vizuri tangu mwanzo. Njia hiyo waliiita mlango wa herufi. Kumbukumbu pekee ilibaki kwenye mashine ya msahihishaji.

Sekela aliifungua ya kwake. Ilikuwa wiki tatu nyuma, Jumanne. Ukurasa wa arobaini na moja, "kua" mara kumi na tatu. Kwa kawaida alipita neno moja moja kwa jicho, hata yakiwa mia. Siku ile alikuwa amepita matano tu, akachoka na nesi huyu, akacheka, na akakumbuka alivyosema kwa sauti, peke yake ndani ya nyumba: "Huyu naye kasoma wapi?" Halafu akaiambia mashine, "Zote."

Na mashine ikageuza zote.

Kumi na mbili zilikuwa makosa. Ya kumi na moja kutoka juu haikuwa kosa. Holo Ngasa alikuwa ameandika: kadiri mtoto anapokua. Anapokua, anapoongezeka, anaponenepa na kupata joto lake mwenyewe. Alikuwa ameandika sentensi sahihi kabisa, na msahihishaji bora wa Mwongozo akaingiza w katikati yake.

Sekela alibaki amekaa. Ndizi jikoni ziligeuka nyeusi kwenye sufuria bila maji.

* * *

Alimpigia Faraji jioni hiyo, akamweleza bila kuzunguka.

"Nani mwingine anajua?" Faraji aliuliza.

"Wewe."

"Basi iishie hapo."

"Faraji!"

"Nisikilize kwanza, dada, halafu utanitukana. Sentensi nimeshairekebisha na kuifunga, hakuna mtoto mwingine atakayeguswa nayo. Kwingine manesi walikuwa wanapandisha joto kwa mkono wakidhani mashine imezeeka, kwa hiyo tumenusurika. Lakini wakaguzi wakisikia kwamba neno linaweza kubadilishwa ndani ya Mwongozo bila jicho la pili, tena bila alama, wataufunga wote siku hiyohiyo. Kurasa elfu tatu zikaguliwe upya. Walezi elfu nne wazimwe. Miezi, dada. Unajua kwa wiki moja wanaingia watoto wangapi mle?"

"Najua."

"Unajua wangapi hawatoki wakikosa mlezi?"

Sekela alijua hilo pia. Takwimu hizo yeye ndiye aliyezisahihisha.

"Mlango wa herufi nitaufunga mimi, kimyakimya, pole pole. Hakuna atakayeumia."

"Na Holo?"

"Ataondolewa kwenye Mwongozo. Na kazini, labda wamhamishe."

"Labda?"

"Ni mtu mmoja, dada Sekela." Sauti yake ilikuwa imepasuka. Faraji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameutunza Mwongozo tangu una kurasa tisa. "Mimi nahesabu watoto. Nisaidie kuhesabu."

Kwa siku mbili Sekela alihesabu. Alihesabu akifagia, alihesabu akiwa kanisani, na kila alipohesabu Faraji alikuwa sahihi. Nesi mmoja upande huu, watoto wasiojulikana idadi upande ule. Siku ya tatu alifunga begi na kuanza safari ya Meatu, akiwa ameshakata shauri kunyamaza. Angesema tu kwamba sentensi ina utata, kwamba hata mwandishi mzoefu angeweza kuteleza, wampunguzie adhabu. Aliyapanga maneno hayo njia nzima, milima ilipoisha na nchi ikawa tambarare kavu, yenye vumbi jekundu na miiba. Yalikuwa maneno mazuri. Hayakuwa na kosa hata moja la herufi.

* * *

Wakaguzi walikaa kwenye darasa la shule ya kijiji, maana zahanati haikuwa na chumba cha kutosha. Walikuwa watatu, na aliyewaongoza alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye miwani. Faraji alikaa dirishani. Wanakijiji wachache walisimama mlangoni. Mama wa mtoto hakuwepo. Hakuna aliyekumbuka kumwita.

Holo Ngasa aliingia na sare yake ya kazi iliyopigwa pasi. Sekela alikuwa amemwazia mtu mzima, mzito. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwembamba, macho yamevimba. Alikataa kiti.

"Nesi Holo," mama wa miwani alisema, "sentensi hii ni yako?"

"Ukurasa ni wangu, mheshimiwa."

"Naulizia sentensi."

"Kama iko kwenye ukurasa wangu, ni yangu."

"Ulikusudia joto lipungue hata kama mtoto haongezeki uzito?"

"Hapana." Alijibu upesi, halafu akasita. "Nilikusudia lipungue akinenepa. Akiwa hanenepi, libaki palepale. Nimewalea hivyo miaka tisa kabla walezi hawajaja, kwa chupa za maji ya moto. Lakini sasa ninyi mnanisomea hivi, na mlezi amesoma hivihivi. Itakuwa ndivyo nilivyoandika."

"Itakuwa? Hukumbuki?"

"Mheshimiwa, mimi kuandika nakosea. Shuleni nilikuwa nakosea na mpaka leo nakosea. Naweza kuwa na jambo kichwani, mkono ukaandika lingine, na nikiangalia sioni tofauti. Kwenye Mwongozo nilikataa kuandika. Nikasema, nitaandika ovyo nidhuru mtu. Wakaniambia, andika tu nesi, wapo watu wanapita nyuma kurekebisha." Alipitisha kiganja usoni. "Labda hawakuliona hili. Siwalaumu. Kurasa ni nyingi."

Mama wa miwani aliandika kitu. Kalamu yake ilisikika darasa zima. "Unayo mengine ya kusema?"

"Naomba mumwambie mama yake kwamba sikukusudia. Mimi nimeshindwa kwenda. Nimefika njiani mara mbili nikarudi."

Sekela alisimama. Hakujua kama alikuwa ameamua kusimama. Alijikuta tu yuko wima na watu wamemgeukia. Dirishani Faraji alikuwa akimtazama, akitikisa kichwa kidogo sana, kama anayemsihi mtu asivuke barabara.

"Naitwa Sekela Mwaisaka," alisema. "Mimi ndiye ninayepita nyuma."

Akawaambia yote. Siku, ukurasa, mara kumi na tatu, neno alilosema akiwa peke yake nyumbani, hata kicheko. Aliwaonyesha kumbukumbu kwenye mashine yake. Aliwaeleza mlango wa herufi ni nini na nani aliyeuomba. Alipofika mwisho, mama wa miwani alivua miwani, akamuuliza.

"Kuna kurasa ngapi nyingine ulizosema 'zote'?"

"Hakuna."

"Utathibitishaje?"

Kumbukumbu pekee ilikuwa kwenye mashine ya Sekela mwenyewe, naye angeweza kufuta alichotaka. Hakukuwa na namna ya kuthibitisha, na wasahihishaji wengine walikuwa mia tatu.

"Basi mnajua ninachopaswa kufanya," mama yule alisema, na hakusema kwa kufurahi. Kabla ya saa nane mchana Mwongozo ulikuwa umefungwa. Walezi elfu nne, kila mmoja mahali pake, walisema sentensi moja kwa sauti ileile ya upole, wakawaomba manesi wawatoe watoto, wakazima.

* * *

Nje ya darasa Faraji alimpita bila kumwangalia. Alikuwa na simu mkononi na tayari ilikuwa ikilia, na baada ya hiyo nyingine, zahanati baada ya zahanati zikiuliza zifanye nini. Sekela alimsikia akisema, "Mfungeni kifuani kwa mama, nesi. Ngozi kwa ngozi. Ndiyo. Sijui mpaka lini." Hakumsemesha Sekela siku hiyo, wala hakumpigia tena.

Holo alimkuta Sekela amesimama kwenye ukuta wa shule.

"Kwa hiyo, mama, mimi niliandika sawa?"

"Uliandika sawa."

"Anapokua. Ya kukua."

"Ya kukua. Neno lako lilikuwa sahihi kuliko langu."

Holo aliinama, akashika magoti kama mtu aliyekimbia. Sekela alidhani analia, lakini alikuwa anavuta pumzi tu, moja baada ya nyingine. "Siku saba," alisema. "Siku saba naamka najua nimeua mtoto. Nikiwa nachemsha chai, nimeua. Nikimvisha wangu sare ya shule, nimeua." Akainuka. "Na wewe ulikuwa unajua tangu lini?"

"Siku tano."

Sekela alingoja matusi, na angeyapokea kwa shukrani. Matusi hayakuja.

"Watanifuata kuniomba niandike tena," Holo alisema. "Waambie sitaandika. Ninachojua nitakufa nacho."

"Usiseme hivyo, mwanangu. Unachojua kinahitajika..."

"Usiniite mwanangu." Alisema taratibu kabisa, akajifunga kanga juu ya sare yake na kuondoka kuelekea zahanati, ambako kulikuwa na mapacha wametolewa kwenye mlezi na hakuna aliyewashika.

* * *

Nyumba ya Kabula Maduhu, mama wa mtoto, ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa mguu. Sekela alielekezwa na watu wawili njiani, na wote wawili walipotajiwa jina walishusha sauti. Alimkuta uani amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anabangua karanga. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili hivi. Kifuani alikuwa amejifunga kitambaa kwa nguvu, kimebana mpaka mabega yamepinda, na hata hivyo kilikuwa kimelowa mahali pawili. Sekela aliliona hilo, akalazimika kutazama pembeni.

"Shikamoo, mama. Karibu." Kabula alimsogezea kigoda.

"Marahaba. Mimi natoka kwenye Mwongozo." Alikuwa amekusudia kuanza na pole, kisha salamu za huko atokako, lakini hakuweza kuvumilia kukaribishwa kabla hajajulikana. Akasema palepale, amesimama. Kabula alisikiliza huku mikono ikiendelea na karanga. Sekela alipofika kwenye herufi, mikono ikasimama.

"Herufi gani?"

Sekela alichuchumaa, akaandika kwa kidole kwenye vumbi, neno moja juu ya jingine. Kabula aliinama akasoma, midomo ikicheza.

"Mbona ni yaleyale?"

"Kwa sikio yanakaribiana. Hili la juu ni kukua, kuongezeka. Hili la chini ni kuwa tu, kuwepo."

"La nesi lilikuwa la juu."

"La juu."

"Lilikuwa sawa."

"Lilikuwa sawa."

"Sasa uliligusia nini?"

Sekela alipangusa vumbi kidoleni. "Nilimwona ni mtu asiyejua kuandika," alisema. "Nilipoona hajui, nikadhani kila alichoandika ni kosa. Sikutazama tena."

Kabula alirudisha macho kwenye vumbi.

"Mimi nilimshika mguu," alisema. "Siku ya kwanza jioni. Niliingiza mkono kwenye kile kidirisha nikamshika mguu, ukawa umepoa. Nikamwambia nesi wa zamu, siyo Holo, yule mwingine, nikamwambia mtoto wangu amepoa. Akamuuliza mlezi. Mlezi akasema joto liko sawa kwa mujibu wa Mwongozo. Asubuhi nikamwambia tena. Akamuuliza tena. Mara ya tatu akaniambia, dada, wewe ndiye mtaalamu? Nikanyamaza." Alichukua karanga moja, akaipasua, akaiweka chini bila kuitia kwenye ungo. "Ningemtoa. Ningemtoa nimweke hapa, ningepigana nao. Lakini na mimi nikadhani sijui."

Sekela aliketi chini, siyo kwenye kigoda, akachukua konzi ya karanga akaanza kubangua. Kabula hakumzuia. Walikaa hivyo mpaka ungo ukajaa nusu. Kuku alipita juu ya yale maneno mawili akayavuruga.

"Nesi Holo anakuomba radhi," Sekela alisema baadaye. "Aliomba kabla hajajua si yeye."

"Nimesikia alifika mpaka kwenye kisima. Mwambie aje." Halafu: "Na hao walezi wamezimwa kwa sababu yako?"

"Ndiyo."

"Watoto wengine watakufa."

"Ndiyo."

"Wangapi?"

"Hakuna atakayejua. Wataandikwa wamezaliwa kabla ya siku zao, basi."

Kabula alifuta mikono kwenye kanga. "Wakifungua, kila mtu bado ataruhusiwa kuandika humo? Hata mimi?"

"Hata wewe. Itangoja kukaguliwa, lakini inapokelewa hata leo. Mimi ndiye nisiyeruhusiwa tena."

"Lete simu."

Sekela alifungua ukurasa wa arobaini na moja, akampa. Kabula aliandika kwa dole gumba, polepole, akifuta na kurudia, jasho likimtoka juu ya mdomo. Kisha akamrudishia asome.

*Mama akisema mtoto amepoa mlezi asi bishe. Nesi amshike mtoto mguu kwa mkono wake mwenyewe ndio ajue. Mama asiulizwe kama ni mta alamu.*

"Nimekosea?" Kabula aliuliza.

Sekela aliisoma mara mbili. "Umetenganisha maneno mahali pawili. Asibishe, na mtaalamu. Maana haijaharibika."

"Mlezi ataelewa?"

"Ataelewa."

"Basi acha hivyohivyo. Usiguse."

Sekela hakugusa. Alibonyeza kutuma, na simu ikajibu kwamba andiko limepokelewa na linangoja kukaguliwa. Sehemu ya jina la mwandishi ilikuwa wazi. Akamuuliza Kabula aandike jina gani.

"Andika Ng'washi," Kabula alisema. "Ndilo ningempa. Pale zahanati walimwandika mtoto wa Kabula tu."

Sekela aliandika, akamwonyesha kabla ya kulituma jina, naye akaangalia herufi moja moja mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali. Kisha aliinuka kwa kujishika ukutani, kitambaa cha kifuani kikiwa kimelowa zaidi, akaingia ndani kujikamua.

Sekela alisubiri kidogo. Alipoona mlango umerudishwa, alikusanya maganda ya karanga yaliyokuwa upande wake, akayatupa pembezoni mwa uwanja, akaaga kwa sauti. Kabula aliitikia kutoka ndani. Hakutoka kumsindikiza.